Mapigo Sitini na Matatu

Rabia Yugu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupiga mpira wa gofu mara elfu moja kwa siku akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, mjini Arua. Ndani mlikuwa na televisheni nane na watu wanane. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa ya wageni wa mbali waliokuwa wakitengeneza gemu ya gofu, nao walitaka mikono ya watu ambao hawajawahi kugusa mchezo huo. Kila mtu alishika pedi yake ya kuchezea kwa mikono miwili. Ukivuta kile kijiti kidogo nyuma kwa kidole gumba, mwanamume wa kwenye kioo anainua fimbo. Ukikisukuma mbele, anapiga. Mashine inapima umechukua muda gani kwenda nyuma na muda gani kurudi. Ukiwa na haraka, alama inakuwa nyekundu na mpira unakwenda kushoto. Ukichelewa, inakuwa njano na mpira unakwenda kulia. Ukipatia, kijani. Lakini kupatia ni kiasi gani? Hilo wageni walikuwa bado hawajaamua, na ndiyo sababu waliwalipa watu wa Arua wapige, wapige tena, mpaka jibu lipatikane.

Wiki ya pili msimamizi wao, Afedra, alisimama nyuma ya kiti cha Rabia muda mrefu akitazama namba. Wenzake wote walikuwa wanabadilika. Asubuhi walikuwa wepesi, baada ya chakula wakawa wazito. Driciru, rafiki yake aliyemwambia habari za kazi hii, akigombana na mtu kwenye simu unaona kabisa mistari yake inavyopanda. Mstari wa Rabia ulikuwa umelala. Milisekunde mia nane na arobaini kwenda nyuma, mia mbili na themanini kurudi. Asubuhi, mchana, jioni.

"Wewe iko na nini ndani ya mkono?" Afedra aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Hapana badilisha."

Tangu siku hiyo Rabia alianza kila asubuhi kwa mapigo mia moja mfululizo, na mashine za wengine zote zikapangwa kwa kufuata hayo mia moja. Akisimama zaidi ya dakika moja, hesabu inarudi sifuri na anaanza upya. Hakuipenda kazi hiyo wala hakuichukia. Alikuwa anatoka chumbani kwake Ediofe saa tatu kasoro robo, anakata kwa miguu kando ya uwanja wa gofu wa mjini, ule wa kweli, ambako hakuwahi kusimama kutazama, anapanda ngazi, anakaa.

Mwezi wa tano baba yake alilazwa hospitali ya Kuluva. Mzee Yugu alikuwa mwanajeshi zamani, na nyumbani kwao Koboko watoto walikua wakisikia Kiswahili chake cha kambini kuliko Kikakwa cha mama yao. Figo zilikuwa zimechoka, miguu ilikuwa imevimba. Rabia alikuwa akitoka kazini anapanda bodaboda mpaka hospitali, anamlisha, anamsugua miguu, anarudi.

Siku moja mzee alimuuliza, "Hii kazi yako ni kazi gani?"

"Napiga mpira ya gofu, Baba. Ndani ya televisheni."

"Unasimama ama unakaa?"

"Nakaa."

"Na mpira inakwenda?"

"Inakwenda."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. "Mimi nilibeba mfuko ya afande moja hapa hapa Arua, nikiwa kijana. Ile afande alikuwa anapiga majani tu. Majani inaruka, mpira inabaki. Na sisi wote tunasema, vizuri sana, afande!"

Baada ya wiki mbili mzee mwenyewe aliomba kurudi nyumbani. Madaktari walieleza hali ilivyo, Aziz, kaka yake Rabia anayebadilisha fedha mpakani Oraba, akaleta gari, wakamrudisha Koboko. Rabia aliwasindikiza mpaka mlangoni mwa gari. Kesho yake alikuwa kazini.

Simu ilikuja Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi. Alikuwa katikati ya yale mapigo mia. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Rabia, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Aziz.

"Kazini."

"Baba amekwenda. Sasa hivi. Tutazika leo, baada ya alasiri. Kuja."

"Nakuja," alisema.

Simu ikateleza mapajani. Kwenye kioo kulikuwa na namba thelathini na saba, na ile dakika moja ilikuwa inahesabika. Kidole gumba chake kikavuta kijiti nyuma, kikasukuma mbele. Kijani. Thelathini na nane.

Baadaye alijaribu sana kukumbuka alichowaza wakati ule, na alichokikuta ni kola ya shati la yule mwanamume wa kwenye kioo. Ilikuwa ya bluu, na upande mmoja ulikuwa umesimama kidogo kuliko mwingine. Alikuwa hajawahi kuiona. Akapiga mpaka mia. Mapigo sitini na matatu, dakika kumi na moja. Kisha akaweka pedi chini, akaenda kwenye meza ya Afedra.

"Naomba ruhusa. Baba amefariki."

"Pole sana, Rabia! Amefariki lini?"

"Sasa hivi," alijibu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Alifika Koboko saa nane. Mzee alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Walimfunulia uso, akautazama, akatingisha kichwa kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga. Wanaume wakabeba jeneza. Wanawake wakabaki nyumbani kwenye mikeka, na Rabia akasikia sauti za dua zikizunguka nyuma ya nyumba, zikaenda, zikafifia, mpaka zikasikika za kuku tu.

Shangazi yake alimshika bega. "Lia, mtoto. Ukiweka ndani itakuletea ugonjwa."

Rabia alikaza macho. Hakikutoka kitu. Aliona haya, akaenda kukaa na waliokuwa wakimenya vitunguu vya chakula cha watu. Pale machozi yakamtiririka, na shangazi akapita, akamwona, akampigapiga mgongoni, akaridhika.

Mama yake, Hawah, alikaa ukutani siku zote tatu, miguu ameinyoosha, akiitikia pole za watu moja baada ya nyingine. Hawakupata nafasi ya kuongea. Jumapili Rabia alirudi Arua, na Jumatatu akapanda ngazi, akakaa, akapiga mia moja.

Afedra alikuja na karatasi mkononi. Alikuwa ametoa pole mara tatu tayari, na sasa hakuweza kuficha furaha yake.

"Ona hii. Wiki nzima hukuwepo, umetoka kwa msiba, na mkono iko palepale. Mia nane arobaini. Wageni watashangaa."

"Asante," Rabia alisema.

Wenzake walipoteremka kula, yeye alibaki. Alifungua kumbukumbu za mashine, akatafuta Jumanne. Mapigo yote mia moja yalikuwa pale, kila moja na mstari wake. Alitazama thelathini na saba, alilopiga akiwa na baba. Alitazama thelathini na nane. Mia nane arobaini na moja, na mia nane na thelathini na tisa. Akaendelea kushuka, arobaini, hamsini, sitini, akitafuta mahali popote ambapo mkono ulisita, ulikosea, uliharakisha. Alirudia kutoka juu. Mtu ambaye hajui habari angepewa ile orodha na kuambiwa aonyeshe mahali baba wa mtu alipokufa, asingepaona. Naye mwenyewe hakupaona.

Driciru alirudi na sahani mbili, akamkuta bado amekaa.

"Unatafuta nini?"

Rabia akamwonyesha kwa kidole. "Hapa ndiyo Aziz alinipigia."

Driciru alitazama namba, akatazama saa iliyoandikwa pembeni, akaelewa polepole. "Na hii yote ya chini?"

"Nilimaliza."

Driciru aliweka sahani mezani. "Kula, dada," alisema. "Chakula inapoa."

Rabia alikula chote. Hakusikia ladha yake, lakini alikuwa hasikii ladha ya chochote wiki hiyo, hata chumvi.

Alimwomba Afedra ampe kazi nyingine. Afedra alikuna shingo. Wageni walikuwa karibu kutoa gemu, walitaka mkono wake mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wataona. Rabia hakubisha. Aliendelea kuja, anavuta, anasukuma, kijani. Watu waliomfahamu walisema amejikaza sana. Mwenye nyumba wake kule Ediofe alimsifia kwa majirani kwamba binti yule ana imani.

Siku ya arobaini alikwenda Koboko kwa dua. Watu walikuja wakala wakaondoka, na jioni, jua likiwa bado juu ya mihogo, akabaki na mama yake nyuma ya nyumba wakiosha masufuria kwa majivu.

"Aziz alipopiga simu," Hawah alisema bila kuinua kichwa, "wewe ulikuwa unafanya nini?"

Rabia angeweza kusema lolote. Akasema ukweli. Alieleza ile mia moja, thelathini na saba, na kwamba hakuinuka. Kwamba alimaliza kwanza.

Mama yake aliendelea kusugua sufuria lile lile mahali palepale.

"Mimi nilikuwa naosha vyombo," alisema. "Nilikuwa nimeweka yeye kwenye kivuli, hapa kwa mlango. Niliona kichwa inaanguka. Nikaita, Yugu. Nikaita tena. Nikajua." Alimimina maji, akatazama ndani ya sufuria. "Nikarudi kwa vyombo. Nikaosha yote, nikapanga kwa kichanja, nikafuta mikono. Halafu nikaita Aziz."

"Vyombo vilikuwa vingi, Mama?"

"Ilikuwa mingi."

Wakaosha yaliyobaki. Rabia alingoja kuona kama maneno yale yatamfanya asikie kitu. Alisikia maji baridi kwenye vidole, na mgongo unauma kwa kuinama. Mama yake alimpa sufuria, akalisuuza, akampa lingine.

Mwezi wa saba mkono ulianza kuharibika. Hakukuwa na sababu aliyoijua. Asubuhi moja ya kawaida, hajaota kitu, hajamkumbuka mzee, hajagombana na mtu, alipiga pigo la kwanza likawa mia tisa na sitini. La pili mia saba. Nyekundu, njano, nyekundu. Alama ya kijani ilikuja mara nne tu katika mia. Rabia alikitazama kidole gumba chake kikihangaika juu ya kijiti, na alikitazama jinsi unavyomtazama kuku wa jirani aliyeingia uani. Hakikuwa na maumivu. Moyo haukumwenda mbio.

Afedra alibadilisha pedi, akabadilisha televisheni, akampa siku mbili za kupumzika. Rabia alizilala zote mbili. Aliporudi ilikuwa vilevile. Kazi ya kipimo akapewa Driciru, ambaye siku hizo alikuwa ameacha kugombana na watu kwenye simu, na Rabia akahamishiwa kona ya dirishani, kusoma malalamiko ya wateja na kuyapanga kwa mafungu. Gemu ilikuwa imeshatoka. Wengi walilalamika kwamba mwendo wa mwanzo, ule wa mia nane na arobaini unaoukuta kabla hujajipangia wako mwenyewe, ni mgumu kuufuata. Mmoja aliuliza ni nani duniani anapiga hivi. Rabia aliyaweka yote kwenye fungu lake.

Sasa anakwenda Koboko karibu kila Jumamosi. Analala karibu na mama yake, anamsaidia shambani, na Jumapili mchana anarudi. Hajalia bado. Shangazi ameacha kumwuliza.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa familia ilikaa kugawa nguo za mzee. Rabia alizitoa kwenye sanduku, akazitandika juu ya mkeka, na Hawah akawa anataja majina. Koti la kijivu lilimkaa Aziz vizuri, ila mikono ilikuwa mirefu, na Rabia akamwambia avue, akaipinda na kuishona palepale. Kanzu mbili zikaenda msikitini. Jale, mdogo wake marehemu, aliomba buti za jeshi. Alikaa chini kwenye ngazi, akajaribu kuingiza mguu wa kulia, akavuta, akagonga kisigino chini, mguu ukakataa.

"Ni ndogo," Hawah alimwambia. "Wacha, tutapatia mutu mwingine."

"Hapana," Jale alisema. "Nataka hivi hivi."

Akafunga kamba za buti mbili pamoja, akavaa ndala zake, akaondoka nazo mkononi kuelekea barabarani. Rabia akakunja nguo zilizobaki.