Barua za Kasuku

Mama Pasi alikuwa na miaka sitini na mbili, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza akiwa amesimama. Chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, beseni la wanga, kamba mbili zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na makoti meupe ya madaktari wa hospitali ya jirani yakining'inia, kila moja na jina lake ndani ya kola. Kusoma alijua kwa kiasi hicho tu, majina ya kwenye kola. Ukimpa ukurasa mzima, hafiki katikati, keshakurudishia na kukwambia macho yanamuuma.

Kwa hiyo aliyemsomea ni mumewe. Huyu alikuwa karani wa masjala, mtu wa mafaili, na hata alipostaafu mkewe aliendelea kumwita Karani, naye akaitika. Kila alasiri alivuta kiti karibu na meza, akavaa miwani, akakohoa kidogo utadhani anataka kuhutubia taifa, akaanza. Pasi ya mkaa haina kelele, ndiyo raha yake. Mama Pasi akitoka nje kupepea mkaa, Karani aliweka kidole kwenye mstari na kumngoja. Akirudi wanauliziana walipofikia, wanaendelea. Namna hiyo walimaliza vitabu rafu nzima.

Mwaka jana wakaanza kitabu kinene chenye jalada la kijani, habari za mlinzi wa daraja la reli na watoto wake watatu. Wa katikati alikuwa msichana wa miaka saba, mropokaji asiyejua kunyamaza, nyumbani kwao wakimwita Kasuku. Mama Pasi alimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Sababu si ya kutafuta mbali: yeye na Karani walimzika binti yao wa kwanza akiwa na umri huohuo, homa ya siku tatu tu, na tangu siku ya mazishi hawakumtaja tena. Miaka thelathini na moja, jamani, nyumba moja, kitanda kimoja! Binti yao wa pili, aliyezaliwa baadaye na sasa ni mkunga, alijua kwamba aliwahi kuwa na dada, basi, hakuambiwa zaidi.

Katika sura ya tisa Kasuku aliugua. Mama Pasi aliiweka pasi chini, akashika ukingo wa meza. Karani akanyamaza, akaomba maji, akanywa glasi nzima, kisha akaendelea kusoma polepole mno, neno moja moja.

"Vipi leo, Karani? Umevaa miwani ya nani?" mkewe akamtania.

"Moshi wa mkaa wako huu," akajibu. Akasoma kwamba Kasuku alipona, na kwamba wazazi walimpeleka kwa shangazi yake, mbali, akasome huko. Mama Pasi akashusha pumzi na kurudi kwenye kola zake.

Tangu hapo, kila baada ya sura moja au mbili, barua ya Kasuku ilifika. Kajifunza kuendesha baiskeli. Kaanguka, kavunja jino, lakini lilikuwa bovu kwa hiyo hana hasara. Hapatani na paka wa shangazi. Mama Pasi alicheka mpaka akaunguza mfuko wa koti la daktari wa meno, na wateja waliokuja kuchukua nguo aliwasimulia barua hizo mlangoni, hata wenye haraka zao. Katika sura ya kumi na tisa akamuuliza mumewe, "Hivi huyu mtoto atarudi nyumbani kweli?"

"Wewe nawe! Subiri, tutafika."

Hawakufika. Asubuhi iliyofuata Karani alikuwa anafunga vifungo vya shati, kiharusi kikamwangusha, na jioni hayupo.

Miezi minne Mama Pasi alipiga pasi kimya kimya. Alipungua mpaka gauni likawa linamvaa yeye. Mkunga, binti yake, alipombana aseme, mama akatoa la moyoni: kumkosa Karani ni jambo la Mungu, hana la kufanya, ila kinachomnyima usingizi ni kwamba amebaki hajui. Yule mtoto alirudi, au hakurudi? Angejua hilo moja tu, roho yake ingetulia.

"Mama, kitabu hicho kimerekodiwa," binti akasema. "Unakisikiliza kwenye simu."

"Anasoma nani?"

"Mama mmoja tu, simjui."

"Humjui? Aje kunisomea kwangu mtu tusiyemjua? Thubutu!"

Alikataa kata kata wiki mbili. Ya tatu akaulizia mwenyewe, kwa kuzungukazunguka, kama simu yake ile ingeweza kubeba kitabu kinene namna hiyo. Binti akajikaza asicheke. Akakipakua, akakifungua kwenye sura ya kumi na tisa, akamfundisha: pembetatu ni kusoma, vijiti viwili ni kunyamaza, mshale wa duara ni kurudi nyuma. Akamvalisha na hedifoni. Mama akazivua papo hapo, akasema hawezi kuzibwa masikio nyumbani kwake kama mgonjwa; sauti isikike chumba kizima, kama zamani.

Siku ya kwanza aligusa mahali asipopajua, yule mama wa kwenye simu akaanza kusoma mbio kama aliyekurupushwa na nyuki. "Taratibu, mwanangu, nani anakufukuza?" Mama Pasi akamsihi. Usimcheke. Ulipoanza wewe ulikuwa fundi? Alibonyeza hiki na kile mpaka ikatulia, na kwa kweli sauti ilikuwa nzuri, laini, ya mtu aliyekula akashiba. Akanyoosha makoti mawili. Akatoka kupepea mkaa, na aliporudi msomaji alikuwa kesha­kwenda zake, anasoma mambo ya watu ambao Mama Pasi hakuwaona wakiingia. Hakumngoja. Alisimama na pasi ya moto mkononi akalia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani hakukitoa, kwa sababu ya kidole kilichokuwa kinakaa kwenye mstari.

Lakini alibonyeza mshale wa duara, akaendelea. Alikuwa na lake analolitafuta.

Sura ya kumi na tisa ikaisha, barua haikuja. Ya ishirini, hola. Mama Pasi akaanza kumlaumu shangazi mtu: mbona hamkumbushi mtoto kuandika? Ya ishirini na moja, alasiri ya Alhamisi, akiwa kwenye mkono wa kushoto wa koti, msomaji akasema kwamba mlinzi wa daraja alipita makaburini kabla ya zamu, akang'oa majani kwenye kaburi la Kasuku.

Alibonyeza mshale. Akasikia tena vilevile. Akabonyeza mara ya tatu, na mkono wa koti ukaungua mpaka kwenye blanketi.

"Simu hii ni mbovu," alimwambia binti kwa simu hiyohiyo. "Inazika watu wazima wa afya. Njoo uitazame."

Jumamosi mkunga akaja. Mama hakutaka hata kuisikia simu. Alimwekea binti kitabu cha kijani mikononi. "Soma hapa, kilichoandikwa. Hao waliorekodi wamechanganya. Kasuku yuko kwa shangazi yake, mimi nimesomewa barua zake kwa masikio yangu haya."

Binti akafungua sura ya tisa. Akasoma moyoni, mstari hadi mstari, na uso wake ukaanza kubadilika. Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Nini? Sema basi!"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Alikufa, Mama. Hapahapa, sura ya tisa. Siku ya tatu ya homa." Akamwonyesha ukurasa. "Barua hazimo. Hazimo kabisa. Ila pembeni Baba ameandika kwa penseli."

Mtu wa mafaili haachi habari ikapotea. Kila alipobuni, Karani alinakili, asije akajikanganya kesho. Binti akamsomea ukurasa kwa ukurasa. *Sura ya 9: amepona, kwa shangazi.* *Sura ya 11: barua ya kwanza, baiskeli.* *Sura ya 12: jino (la mbele, juu).* *Sura ya 15: paka, jina bado.* Mwandiko ulikuwa uleule wa masjala, mkubwa, umesimama wima.

Mama Pasi akaketi. Alikumbuka ile glasi ya maji. Kumbe mwenzake alikuwa ameliona neno lile mbele ya macho yake, amelisoma peke yake kifuani huku mdomo ukitafuta la kusema, na yeye yuko hapo anamtania miwani.

"Nenda mwisho kabisa," akasema.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja wa penseli. Binti alitaka kuusoma, mama akakichukua kitabu. Huo alitaka mwenyewe. Akaufuata kwa kidole, silabi kwa silabi, na ilichukua muda mrefu. *Kurudi kwa mtoto: bado sijapata maneno.*

Makaa yalikuwa yamegeuka majivu ndani ya pasi.

"Nilidhani ni mimi ninayemlinda," Mama Pasi akasema mwishowe. "Nilijua nikimtaja dada yako, baba yako ataanguka, hatainuka. Nikawa nalia hapa mezani, mgongo nimempa, nikimwambia ni mvuke. Miaka yote hiyo. Naye kumbe ananilinda mimi."

Mkunga alikuwa anajifuta machozi kwa koti la mtu. "Mama, nikusomee mimi. Nitaendeleza barua. Nitamrudisha nyumbani, nitatafuta maneno."

"Hapana, mwanangu. Asante. Niwekee sura ya tisa."

"Mama—"

"Niwekee."

Binti akaiweka. Sauti ile laini ikajaa chumbani, ikamlaza Kasuku kitandani, ikahesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Pasi hakubonyeza vijiti viwili. Alisikiliza mpaka mlinzi wa daraja alipomfunika mtoto wake na kwenda kukaa nje ya mlango, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Kisha akageukia upande ambao Karani alikuwa akikaa.

"Ningeweza," akamwambia. "Ungenisomea tu, Karani. Tungelia wote wawili."