Mshika Miguu wa Edinburgh

Zamani zile mgonjwa alipokatwa mguu huku akiona kila kitu, Walter Tulloch alikuwa mtu mwenye jina lake katika hospitali moja ya Edinburgh. Daktari alikata, wanafunzi walitazama saa, na Tulloch alishika. Kengele ya chumba cha upasuaji ikilia, alishuka ngazi huku akikunja mikono ya shati, akamlalia mgonjwa kwa kifua chake kipana, na tangu hapo mtu huyo hakuwa na uhuru wa kutikisa chochote isipokuwa ulimi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemponyoka. Mabaharia walijaribu, wachinjaji walijaribu, na mchungaji mmoja wa kanisa alijaribu pia, tena kwa matusi ambayo Tulloch hakujua kwamba wachungaji wanayo.

Mkubwa wake alikuwa Bwana Lorimer, daktari wa upasuaji aliyesifiwa kwa jambo moja tu, nalo ni mbio. Mguu aliuondoa kwa dakika moja na nusu, jiwe la kibofu kwa sekunde hamsini na nane, na wanafunzi waliwekeana dau la bia juu ya kisu chake. Kama mgonjwa alipona baadaye, hilo lilikuwa suala jingine. Katika mbio hizo kisu kiliwahi kuondoka na ncha ya kidole gumba cha Tulloch, nayo ikafagiliwa pamoja na vumbi la mbao lililomwagwa chini kunyonya damu. Tulloch hakulalamika. Kila Jumamosi alikitembeza kidole hicho baani kama nishani.

Mwanzoni mwa mwaka 1847 ikaja etha. Habari zake zilitoka Marekani, na kwa Bwana Lorimer hiyo peke yake ilikuwa sababu ya kuikataa. Daktari kijana aliyeitwa Pringle aliingia na chupa ya kioo yenye sponji ndani, mgonjwa akavuta ule mvuke, akakoroma, akakatwa, akaamka akiulizia uji wake. Leo tunaiita nusukaputi, na mtu akiikosa anaweza kushtaki hospitali. Siku ile nusu ya ukumbi waliondoka wakinung'unika kwamba hawakuona kitu. Lorimer alieleza kwa kirefu kwamba maumivu humchangamsha mgonjwa, kwamba kelele ndiyo dalili ya uhai, na kwamba Mungu asingeyaumba maumivu kama hakutaka yatumike. Yeye mwenyewe jino likimuuma alikunywa afyuni, lakini hilo hakulieleza.

Wakuu wa hospitali wakakaa kikao. Washikaji walikuwa wanne, na watatu wakaambiwa asanteni. Tulloch alibakizwa mpaka Mwaka Mpya, ili awepo endapo mvuke ule ungegeuka kuwa upuuzi wa msimu mmoja. Alitembea na habari hiyo kama mtu aliyesomewa hukumu. Bila kazi ile alikuwa mwanamume mnene tu mwenye kidole kifupi, na alilijua hilo.

Ndipo Oktoba akapata jiwe kwenye kibofu, na kwa jinsi alivyokuwa amechanganyikiwa, akaliona ni bahati. Alimwendea Lorimer wakapanga. Mshikaji hodari kuliko wote angekatwa macho wazi, bila mvuke, bila kamba, bila mtu wa kumshika, mbele ya wanafunzi na wakuu wote. Pringle angefunga chupa zake, na Tulloch angerudi kazini kwa heshima. Lorimer alifurahi mno hata akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mkewe, Effie, alikuwa akikaanga samaki wa heringi aliposimuliwa mpango huo. Hakugeuka.

"Baba Isobel, wewe kukojoa tu unalia. Kisu utakiweza?"

"Nimeona watu mia ngapi wakikatwa, Effie? Nakijua kisu mimi."

"Umeona, ndiyo. Umeona ukiwa juu yao."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Tulloch aliingia akipunga mkono, akapanda mezani mwenyewe, akakunja magoti kama walivyokunja wote aliowahi kuwashika. Lorimer alikuwa amevaa koti lake la kazi, lililokauka damu za miaka hata lingeweza kusimama lenyewe, na alilionea fahari. Wanafunzi wakatoa saa. Kisu kilikuwa bado hakijaguswa. Kilichoingia kwanza ni kijiti tu cha chuma, chembamba, cha kutafutia jiwe.

"Subiri kidogo, Bwana," Tulloch akasema.

Lorimer akainama akamnong'oneza kwamba bado hata hajaanza.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia subiri."

"Tulloch, watu wanatutazama. Usiniaibishe."

"Basi nishike wewe," akasema Tulloch, jasho likimtiririka masikioni. Lorimer alirudi nyuma hatua moja. "Huwezi? Mwite yule kijana na chupa yake."

Kicheko kilichopasuka kilisikika hadi barabarani. Pringle akaja, naye, sifa imwendee, hakucheka.

Tulloch alipofumbua macho, jiwe lilikuwa kwenye kisahani na Bwana Lorimer alikuwa aking'aa kwa furaha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya kazi taratibu. Alikuwa ametumia dakika tisa nzima, akafunga kila mshipa uliovuja, na hakuna aliyepiga kelele wala kutazama saa. Wiki iliyofuata alihutubia juu ya faida za mvuke, na kufikia majira ya kuchipua alikuwa akieleza jinsi alivyouamini tangu mwanzo, na wanafunzi wapya waliandika hivyo madaftarini.

Tulloch alipewa barua ya shukrani na ruhusa ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Kidonda kilipona vizuri, lakini mwenyewe aliketi karibu na moto siku nzima, analia. Effie alidhani ni kwa ajili ya kazi. Akamwambia kiwanda cha bia kinatafuta watu wa kubeba mapipa, na mabega bado anayo.

"Siyo kazi," akasema. "Wote waliniambia subiri, Effie. Wote."

Effie akavuta kigoda akakaa.

"Kulikuwa na binti mmoja muuza samaki, wa Newhaven," Tulloch akasema. "Hakupiga hata kelele. Aliniita baba, akaniomba nimwachie mkono mmoja tu, ajifute machozi. Nikamwambia atulie, Bwana Lorimer anahesabiwa muda."