Baba na Boti ya Mgiriki

Tumemzika Baba yetu, Kaleb Semboja, hapa Kerenge, nyuma ya kanisa. Waliosimama kuzungumza walimsifu kwa machungwa yake na kwa uaminifu wake katika nyumba ya Mungu. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyeitaja boti, maana waliomfahamu akiwa nahodha wamebaki wachache. Nimeiandika habari hiyo kama alivyotusimulia yeye na Mama, ili wajukuu waisome.

Zamani za Mwingereza Baba alikuwa fundi wa korona katika shamba moja la mkonge karibu na Mnyuzi. Korona ni ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Haina huruma. Inavuta jani, na ukichelewa kuliachia inakuvuta na wewe. Baba mkubwa, Matayo, ilimchukua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo Mama yetu, Elina, hakuwa na raha. Kila alfajiri alimshika Baba viganja vyote viwili, akaviombea, ndipo akamruhusu atoke. Ombi lake lilikuwa hilo hilo: Kaleb aondoke koronani akiwa mzima.

Mungu alijibu kwa njia ambayo Mama hakuitarajia. Mkonge ulikuwa umepanda bei, na meneja wa shamba, Mgiriki tuliyemwita Bwana Yani, akanunua boti huko Tanga. Ilikuwa boti nyeupe ya injini, yenye chumba chake ndani, vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na vijidirisha vya duara. Akamwita Baba ofisini.

"Kaleb, wewe najua injini. Nenda Tanga, soma hii boti. Kama weza, wewe iko nahodha yangu. Kama hapana weza, rudi korona, mimi tafuta mtu ya pwani."

"Bwana, mimi kuogelea sijui."

"Mimi sema endesha boti. Nani sema ogelea?"

Mama alipoletewa habari alicheka na kulia kwa pamoja. "Nimemwomba Mungu akutoe kwenye mashine, naye anakutia baharini!"

"Baharini mtu hakatiki mkono, mama watoto."

"Ndiyo. Anazama nayo yote miwili."

Basi wakapanda treni, Baba na Bwana Yani, wakashuka Tanga. Bwana Yani alikuwa amekulia kisiwani kwao, akaona yeye mwenyewe anatosha kuwa mwalimu. Alimwonyesha Baba kwamba kabla ya kuwasha injini lazima afunue sakafu na kunusa, kwa kuwa mvuke wa petroli hukaa chini, na cheche moja tu huimaliza boti na watu wake. Baba akanusa, kisha akaongeza sala fupi. Alionyeshwa mahali pa kutia grisi, na pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini. Kilichomshangaza ni chumvi. Koronani alizoea kuosha mashine kwa maji na kuiacha ikauke. Hapa nati aliyoiacha inang'aa jioni, asubuhi aliikuta nyekundu kwa kutu. Akawa anaikanda injini ile kwa kitambaa cha mafuta, asubuhi na jioni, kama anayemsinga mtoto mchanga.

Kuendesha nako kulikuwa kazi. Shambani aliwahi kushika trekta, kwa hiyo siku ya kwanza alitafuta kwa mguu.

"Breki iko wapi, Bwana?"

"Hapana breki."

"Sasa inasimamaje?"

Bwana Yani akamwonyesha jinsi ya kurudisha nyuma, lakini somo lilichelewa. Boti iligonga gati, ndoo mbili zikaanguka majini. Pale gatini palikuwa na mama mmoja wa Kidigo, jina lake Mwatumu, aliyeuza kahawa na mihogo ya kuchoma.

"Wewe wa bara!" akamwita. "Gati hiyo imekukosea nini?"

"Shikamoo mama. Tunafahamiana kwanza."

"Marahaba. Basi isalimie taratibu."

Siku hiyo hiyo, wakati wanatia petroli, Bwana Yani alimfundisha kufunga boti kwenye gati: kamba fupi, kaza sana, isichezecheze. Kisha wakaitoa na kuitia nanga mbali kidogo, na Bwana akarudi Mnyuzi. Baba alibaki akijifunza peke yake, akienda kwenye boti kwa mtumbwi wa kuazima. Maji aliyaona yakijaa na kupwa, lakini boti iliyokuwa kwenye nanga ilipanda na kushuka nayo, wala hakuwa na sababu ya kuliwaza jambo hilo. Mto aliouzoea yeye ni Pangani, unaojaa kwa mvua na kupungua kwa kiangazi.

Hatimaye Bwana Yani akamtumia salamu: anakuja na wageni, boti iwe gatini, safi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumpima. Baba aliileta asubuhi, maji yakiwa yamejaa, akaisimamisha bila kugusa gati hata kidogo. Mwatumu akapiga vigelegele. Baba akaifunga kwa kamba mpya za mkonge wa shamba lao, fupi, akazikaza kama alivyofundishwa. Akaandaa vikombe na sukari mezani, kisha akaenda kanisani kumshukuru Mungu.

Aliporudi alikuta watu wamejaa. Maji yalikuwa yamepwa, na boti imebaki ikining'inia kwenye kamba zake, imelalia upande, nusu tumbo liko hewani.

"Njooni mwone!" Mwatumu alikuwa akipaza sauti. "Mzigua huyu wa bara ameinyonga boti ya watu!"

Baba akachomoa kisu akate kamba. Mwatumu akamdaka kanzu.

"Ukikata inaanguka kwa ubavu na kujaa maji. Acha! Bahari iliyoishusha ndiyo itakayoipandisha."

Chuma kimoja cha kufungia kilikuwa kinang'oka kutoka kwenye mbao. Baba akapitisha kamba nyingine kuisaidia ile iliyolemewa, kisha hakuwa na la kufanya zaidi. Akaketi chini. "Ee Bwana," aliomba, "usinirudishe koronani."

Bwana Yani akafika na wageni wake. Uso ukamwiva.

"Mjinga! Nani funga hivi?"

"Ni mimi, Bwana."

"Na aliyemfundisha je?" Mwatumu akadakia. "Maana hapa kwetu hata mtoto hafungi hivyo."

"Mama, nakusihi, nyamaza," Baba akasema.

Bwana Yani akaitazama kamba ya kwanza, akaenda kuitazama ya pili. Kisha akakaa kwenye gati karibu na Baba, na suruali yake nyeupe.

"Kwetu Ugiriki bahari hapana kwenda mahali," akasema polepole. "Hapana jaa, hapana pwa. Iko kaa tu."

Wakangoja. Wageni walikula mihogo. Maji yalirudi kidogo kidogo, yakaibeba boti, kamba zikalegea. Baba akazifungua, akazifunga tena kwa urefu alioelekezwa na Mwatumu.

"Kesho weka hiyo chuma mpya," Bwana Yani akaamuru.

"Na koronani nirudi lini, Bwana?"

"Korona gani? Kama rudi korona, nani taangalia boti yangu?"

Baba aliinama akaingia chumbani, mahali ambapo vikombe vilikuwa vimevunjika na sukari imetapakaa kwenye vitanda. Akafunga mlango, akaanza kufuta, na ndipo alipolia. Nje alimsikia Mwatumu akimwambia mgeni mmoja kwamba mihogo imebaki miwili tu, lakini huyo nahodha mle ndani hajala tangu asubuhi, basi hiyo haiuzwi.