Siku Dada Tolliver Alipotangulia Kusema

Huku kwetu, kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi, mhubiri hahubiri peke yake. Akitamka neno, kina mama wa mbele wanamjibu, "Sema, baba," na kinanda kinadakia. Nimesali katika miji mingi na kwa lugha kadhaa, na kwingine watu husikiliza kimya hadi nikadhani wamekasirika.

Mpiga kinanda wa kanisa letu ni Ernestine Tolliver, mpishi wa shule, mjane mwenye mikono mizito na kicheko chepesi. Mchungaji akivuta pumzi tu, Ernestine anajua kama amemaliza au anajipanga upya.

Ng'ambo ya barabara kutoka kwake kuna kinyozi, Hosea Battle. Jumamosi mchana bendi yake hupiga muziki wa bluzi uani, watu wakila kambale wa kukaanga, na kwa miaka Ernestine alikuwa akimwagilia maua yake saa hiyohiyo, hata siku za mvua. Baridi yabisi ilipovigandisha vidole vya Hosea, Ernestine alivuka barabara akaomba akalie kiti cha Hosea cha kinanda kwenye bendi.

Dewitt, mpiga ngoma, hakutaka. "Huyu atatupigia nyimbo za mazishi," alisema.

Wakaafikiana: Jumamosi ya kwanza ya Juni apige peke yake zamu moja, kitu cha kubuni papo hapo. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa kijana mmoja wa Greenville.

Hosea akaanza kumfundisha palepale kwenye chumba chake cha kunyolea, kwenye kinanda kikuukuu kilichokaa kati ya viti.

"Noti za bluzi ni sita tu, Dada Tolliver. Tano zina nafasi zao. Hii ya sita imebanwa kati ya wenzake wawili kama mtu aliyechelewa kanisani. Ipitie, usiikalie."

Ernestine alizishika upesi, akawa anazikimbiza juu na chini.

"Unapanda na kushuka kama mtu aliyesahau miwani ghorofani," Hosea akamwambia. "Chukua tatu. Zungumza nazo."

Hapo ndipo alipokwama. Kila zamu yake ikifika, mikono ilikaa tayari juu ya vibao vya kinanda na isitoe kitu.

"Unangoja nini, dada yangu?"

"Nangoja mtu aseme."

"Hapa mhubiri ni wewe."

"Mimi? Usimwambie Mchungaji. Ana presha."

Jumamosi ikafika. Uani kulijaa, na Lavinia, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, alikuwa kiti cha mbele, amekuja "kuonja samaki tu". Bendi ikapiga, gitaa likanyamaza, zamu ikawa ya Ernestine. Ngoma ilikwenda, yeye akakaa tu, mikono juu ya vibao, akingoja. Dewitt alimtazama Hosea kwa jicho la "sikukwambia?"

Lavinia akatoa kitu mdomoni. "Samaki huyu ana miiba."

Mkono wa Ernestine ukajibu wenyewe, noti tatu, kama kanisani. Watu wakacheka.

"Nasema ana miiba, Hosea!"

Ernestine akajibu tena, safari hii akiteleza juu ya ile noti iliyobanwa. Hosea akapiga paja. Lakini Lavinia alikuwa amekwishatia kipande kingine kinywani, anatafuna kwa uangalifu, na hakuna aliyesema tena.

Ernestine alingoja kidogo. Halafu mkono wa kulia ukasema wenyewe yale maneno ya Lavinia, sauti yake hasa, na lile lalamiko la puani: samaki huyu ana miiba. Wa kushoto ukaitikia. Akalirudia lalamiko, taratibu zaidi, akaacha pengo. Mara ya tatu akajibu kwa mkupuo mrefu ulioshuka hadi chini kabisa ya kinanda, na kila mtu uani alielewa: sasa mbona sahani ni tupu?

"Sema, mama!" Lavinia akajikuta ameitika, mdomo umejaa.

Ernestine akasema. Zamu yake ilipokwisha hakuiachia, na Dewitt akaendelea kumpigia ngoma, kisha akaendelea tena.

Walipopumzika, Dewitt alimletea sahani ya kambale na mkate wa mahindi.

"Jumamosi ijayo uwahi," alisema. "Na uje na huyo mama wa miiba."

"Nilidhani napiga mazishi."

"Ndiyo, Dada Tolliver. Basi mimi unizike hivyohivyo."