Injini ya lori na kitambi changu

Jamani, leo nimepimwa kwenye mizani ya korosho!

Shemeji yangu Somoe, fundi magari hapa Mtwara, ametia injini ya lori kwenye pikapu yake kuukuu. Jumamosi anashindana nayo kwenye mbio za mchangani.

Leo tukaenda ufukwe wa Ziwani kuijaribu. Kugusa mchanga tu, pua ikazama. Injini nzito mno, nyuma kwepesi.

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Somoe akashuka. Akapunguza upepo kwenye matairi, akanigeukia.

"Shemeji, na kitambi hicho, hebu panda nyuma. Shika bomba."

Weee! Pikapu ikachomoka, mimi huku natoa shahada!

Yule dada ni fundi, msimchezee. Kufika nyumbani kanipandisha mizanini, ili afunge nyuma vyuma vya uzito uleule.

Kilo sisemi.

Ila mimi niliyemcheka ndimi kipimo chake.