Shimo la Mchangani Chini ya Jaa

Kwaru, kwaru: kata ya kuchotea maji ikikwangua mchanga. Kwa sauti hiyo watu wa Makongeni walimkumbuka Absalom, baba yake Nelima, aliyesukuma mkokoteni wa taka za mji wa Thika mwaka 1956.

Kwao, kando ya mto Nzoia, watu hawakunywa maji ya tope; walifukua shimo mchangani, wakangoja yajichuje. Akawafundisha majirani vivyo hivyo kando ya bwawa lililo chini ya jaa, pale alipomwaga taka kila asubuhi. Maji yakatoka maangavu.

“Huyu ametuletea bomba bila mzungu!” alicheka jirani yake, Wangeci.

Mvua za Aprili zilipokolea, vyura wakaelea bwawani matumbo juu, na binti wa Wangeci akashikwa na tumbo la kuendesha. Absalom alipanda jaani, akaona maji meusi yakivuja chini ya taka na kuteremka hadi shimoni. Akashuka, akaanza kulifukia shimo kwa sepetu.

“Baba Nelima, si wewe ulisema mchanga unachuja?” Wangeci akauliza.

Hakuinua uso.

“Unachuja tope, mama,” alisema kwa sauti ndogo sana. “Ninachomwaga mimi hauwezi kukichuja.”