Msitu Uliofungwa kwa Kalamu

Mwaka uliofuata uhuru, barua ya Papa Bosongo ilifika kanisani kwetu Kisangani. Huyu alikuwa mwindaji na shemasi katika kijiji kilicho kwenye barabara ya Banalia. Aliandika kwamba mchungaji wake ameufunga msitu, amechukua nyavu za watu na kuwatenga wawindaji wanne, yeye akiwa mmoja wao, na Meza ya Bwana. Mimi nilikuwa katibu wa halmashauri ya kanisa, nikatumwa nikawasikilize.

Niliondoka nikiwa nimeshakasirika. Wabelgiji waliufunga msitu huohuo kwa jina la serikali, na mtu alilipa faini kwa mboloko mmoja, paa mdogo asiyezidi mbwa. Siku ya uhuru wanakijiji waliambiwa pori limerudi kwao. Sasa kanisa tena?

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la chumvi. Tulipofika kwenye kivuko cha mto Lindi, askari aliitazama ruhusa yangu ya safari, akanirudishia.

"Sahihi hii iko ya mukubwa wa zamani," alisema.

"Aliisaini juzi."

"Bon. Juzi ni zamani."

Tulikaa pale mpaka alasiri, hadi alipopatikana mtu mwenye muhuri.

Jumanne jioni nilifika. Papa Bosongo na mkewe, Mama Ana, walinipokea kwa pondu, yaani kisamvu, na kwanga, mkate wa muhogo.

"Utusamehe, katibu, nyama haiko," Mama Ana alisema. "Tangu msimu wa mvua watoto wanakula majani tu."

Papa Bosongo hakulalamikia chakula. Kilichomuuma ni kubaki nje ya kanisa siku ya ushirika, yeye aliyekuwa akigawa mkate kwa miaka mingi.

Jumatano asubuhi tulikwenda pamoja kwa Mchungaji Filipo, mwenyeji wa kwanza kukalia kiti kile baada ya wamisionari kuondoka. Tulimkuta mezani. Mbele yake palikuwa na paja la nguruwe wa porini lililokaushwa kwa moshi, na bunduki ilisimama pembeni.

"Mimi niko na kibali," alisema kabla sijauliza. "Pori ni ya misheni sasa. Mamlaka inatoka kwa Mungu. Musa hakuchaguliwa kwa kura."

"Lakini Musa alikula mana ileile ya watu, pasta," Papa Bosongo alijibu taratibu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno makali: kwamba kiongozi wa kanisa ni mtumishi, kwamba Bwana wetu aliwaosha wanafunzi miguu. Mchungaji hakuningoja. Alifungua faili, akanisogezea karatasi. Halmashauri ya Kisangani ilikuwa imeiomba ofisi ya serikali iipe misheni msitu wote mpaka mtoni. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, na ya pili ilikuwa yangu.

Nilikumbuka alasiri ile. Mkutano ulikuwa umerefuka, nilikuwa na njaa, na mwenyekiti aliniambia ni karatasi ya bustani ya shule. Nilisaini ukurasa wa mwisho.

Nje nilimwambia Papa Bosongo ukweli.

"Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Muzungu naye alifunga pori bila kutuuliza," alisema. "Lakini yeye hakutuita ndugu."

Nilirudi ndani kuomba nyavu. Mchungaji alikataa: walioomba msitu ni halmashauri, basi niende kwa halmashauri.

Ijumaa nilirejea Kisangani. Mwenyekiti alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, "Tutalitazama." Neno hilo tulilisikia miaka mingi katika ofisi za Wabelgiji.

Jumapili, zamu yangu ya matangazo ilipofika, niliisoma barua ya Papa Bosongo yote. Kisha nikawaambia waumini ni akina nani waliosaini, nikaanza na jina langu.

"Umeaibisha uongozi," mwenyekiti aliniambia mlangoni.

"Aibu ilikuwapo, papa. Mimi nimeisoma tu."

Wiki hiyo hiyo nilivuliwa ukatibu. Lakini akina mama wa kanisa walikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, wakakaa barazani, na kila siku wakarudi mpaka barua ya kulifuta lile ombi ilipoandikwa. Nyavu zikarudishwa, na wale wanne wakapokea ushirika. Ofisi ya serikali haikujibu kamwe, si ombi wala barua ya kulifuta. Wakuu watatu walipokezana pale, kila mmoja akisema ardhi ni ya serikali, mpaka uasi ulipozuka ukawakimbiza wote.

Nilidhani nakwenda kuamua kesi ya watu wengine. Siku hizi nakaa benchi la nyuma, na halmashauri bado huniletea karatasi za kunakili kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nazisoma neno kwa neno, kwa sauti, mbele ya wale zinaowahusu. Wenye haraka hukunja uso. Nawaacha waukunje.